Kuisaidia Familia Yenye Mtoto Mwenye Selimundu: Mwongozo kwa Ndugu na Majirani wa Tanga

Mtoto mwenye selimundu anapolazwa kwa mara ya kwanza katika Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Bombo, saa ya kuona wagonjwa humkuta mama yake amezungukwa na watu: mashangazi wametoka Muheza, majirani wa Makorora wamekuja na hotpoti za wali na mchuzi wa samaki, na wanawake wa kikoba wamechanga na kuleta bahasha. Anapolazwa kwa mara ya tano, huenda asionekane mtu. Si kwamba watu wamekuwa wabaya; ni kwamba desturi yetu ya kujuliana hali imezoea ugonjwa wenye mwanzo na mwisho, ambao mtu huugua, akatembelewa, kisha akapona au akazikwa. Selimundu, ambayo wengi mitaani huiita sikoseli, humfuata mtoto mwaka hadi mwaka, na familia huchoka wakati ule ule ambao wageni wamekwisha kupungua. Mwongozo huu unaeleza namna ya kupanga msaada utakaodumu, na umeandikwa kwa ajili ya ndugu na majirani, si kwa madaktari wala wauguzi. Mengi yaliyomo yanaifaa pia familia yenye mtoto mwenye kisukari au ugonjwa wa moyo, ingawa alama za hatari zilizotajwa ni za selimundu peke yake.

Hatua ya kwanza: Uelewe ugonjwa kabla ya kwenda kutoa pole

Chembe nyekundu za damu za mtoto huyu, zinapopungukiwa na oksijeni, hukakamaa na kupinda mfano wa mundu, zikakwama katika mishipa midogo na kuleta maumivu makali ya mifupa, kifua au tumbo. Aidha, chembe hizo hufa mapema. Chembe ya kawaida huishi takriban siku 120, ilhali ya mtoto mwenye selimundu huishi siku kati ya 10 na 20 tu, na ndiyo maana huishiwa damu mara kwa mara na macho yake huwa ya manjano. Ugonjwa huu hauambukizi kwa kula naye sahani moja wala kwa kulala naye kitanda kimoja. Hurithiwa, tena hurithiwa kutoka kwa wazazi wote wawili, ambao kwa kawaida kila mmoja hubeba nusu ya urithi huo bila yeye mwenyewe kuugua. Wazazi wote wawili wakiwa wabebaji, kila mimba ina uwezekano wa asilimia 25 wa kuleta mtoto mgonjwa, na hesabu hiyo huanza upya kwa kila mimba. Kwa hiyo ni kosa kumfariji mama kwa kumwambia kwamba kwa kuwa wa kwanza ameugua, basi watatu wanaofuata wako salama.

Ubebaji huo umeenea pwani na katika nyanda za chini kwa sababu mbebaji hupata kinga fulani dhidi ya malaria kali, jambo ambalo mtafiti Anthony Allison alilionyesha mwaka 1954 kutokana na kazi yake ya Afrika Mashariki. Kinga hiyo ni ya mbebaji peke yake. Mtoto mwenyewe mwenye selimundu, akipata malaria, huanguka vibaya kuliko wenzake.

Sababu ya kuanza na elimu hii, kabla ya bahasha na hotpoti, ni kwamba mzigo wa kwanza anaotwishwa mama huwa ni lawama. Huambiwa ana kizazi kibaya, au kwamba kuna jambo alilikosea akiwa mjamzito, na si ajabu upande wa mume ukaanza kunong'ona habari za mke wa pili. Mama mkwe anayefahamu kwamba mwanawe ametoa nusu ya urithi huo huushika ulimi wake, na kwa maoni yangu kuushika ulimi ni msaada mkubwa kuliko michango mingi niliyoiona. Kama wewe ni mtu mzima unayesikilizwa katika ukoo, kazi hii ni yako: lieleze jambo hili mara moja, kwa utulivu, mbele ya wahusika wote, ili mama asilazimike kujitetea nyumba kwa nyumba.

Yako pia maneno ya kuyaacha. Usimwambie mzazi kwamba watoto wa namna hii hawafiki mbali. Wako watu wazima wengi nchini wanaoishi na selimundu, wanaofanya kazi na kulea watoto wao, na mzazi aliyekatishwa tamaa hulegea hata katika kumpeleka mtoto kliniki.

Hatua ya pili: Taja utakachofanya

Wahenga walisema mgonjwa haulizwi uji, na hapa msemo huo unafaa kutekelezwa kama ulivyo. Sentensi ya "ukihitaji chochote niambie" ina adabu, lakini humwachia mama kazi mbili, yaani kufikiri anachohitaji na kisha kukiomba, naye hana nguvu ya kufanya hata moja. Badala yake mwambie: "Dada, Jumatano mimi ndiye nitakayemchukua mdogo wake asubuhi, nitamlisha na kumwogesha, wewe nenda kliniki bila haraka." Kwa mtu mzima kuliko wewe, anza kwa heshima yake: "Shikamoo shangazi. Naomba leo nikuteke maji na nikufulie mashuka ya mtoto." Hapo kazi imekwisha kutajwa, na anayesaidiwa hana la kujibu ila kuitikia au kukataa.

Akikataa, usinune. Wako wazazi wanaoona haya kufuliwa mashuka, hasa ya mtoto anayekojoa kitandani, na utalazimika kurudi na pendekezo lingine jepesi zaidi.

Hatua ya tatu: Undeni zamu, na zamu iandikwe

Watu watano au sita wanaokaa karibu wanatosha kabisa. Mmoja wenu awe mshika daftari, na asiwe mama wa mtoto wala bibi yake, kwa kuwa hao wana kazi nyingine. Katika daftari hilo aandike siku za kliniki kama zilivyo kwenye kadi ya mtoto, nani atakayemsindikiza mama, nani atakayebaki na watoto wengine, nani atakayepika siku hiyo, na nani ambaye simu yake haizimwi usiku. Kundi la simu husaidia kupashana habari, lakini halichukui nafasi ya daftari, kwani ujumbe wa zamu hupotea haraka chini ya salamu na picha za harusi.

Kazi inayosahauliwa kuliko zote ni kumsindikiza mama kliniki. Kule kuna foleni ya daktari, foleni ya maabara, na foleni ya dirisha la dawa, na mama aliye peke yake humbeba mtoto katika zote tatu. Mtu wa pili hushika nafasi kwenye foleni, husikiliza maelekezo ya daktari na kuyaandika, na hukumbuka swali ambalo mama amelisahau. Mwanamume akiweza kwenda, aende. Baba wengi wa Tanga hushindwa kwa sababu ya zamu za bandarini, za viwandani au za baharini, na badala ya kuwasema, wapeni tarehe ya kliniki mapema ili waombe ruhusa, kwa kuwa baba aliyemsikia daktari kwa masikio yake hahitaji kushawishiwa kuhusu nauli ya mwezi ujao.

Kwa wanaoishi mbali na mji, kama Tongoni, Pongwe au Chongoleani, zamu iwe na kipengele cha malazi. Ndugu wa Ngamiani au Chumbageni awe tayari kuwapokea mama na mtoto jioni ya kuamkia kliniki.

Hatua ya nne: Jiandaeni kwa usiku wa homa

Hapa ndipo jirani anapoweza kuokoa maisha, na ndipo ninapoomba msomaji asome polepole. Mtoto mwenye selimundu hupoteza kazi ya bandama lake akiwa bado mdogo, na bandama ndilo linalousaidia mwili kupambana na aina fulani za bakteria. Kwa hiyo homa ambayo kwa mtoto mwingine ingesubiri asubuhi, kwake haisubiri. Kipimajoto kikionyesha nyuzi 38 au zaidi, apelekwe hospitali usiku huo huo, hata kama amemeza parasetamoli na joto limeshuka.

Zipo alama nyingine ambazo kila aliye kwenye zamu anapaswa kuzijua kwa moyo. Mtoto anayepumua kwa shida au kulalamika kifua apelekwe mara moja. Aliyepauka ghafla viganjani na midomoni, akalegea, huku tumbo limevimba upande wa kushoto chini ya mbavu, huenda damu nyingi imejikusanya katika bandama, na hali hiyo inaweza kuua katika muda wa saa chache. Aliyepinda mdomo, aliyelegea mkono au mguu wa upande mmoja, au aliyepotewa na usemi ghafla, huenda amepata kiharusi, ambacho katika ugonjwa huu huwapata hata watoto wadogo. Mtoto wa kiume ambaye uume umesimama kwa maumivu na haulali naye ni wa kupelekwa. Huyu mara nyingi huficha kwa aibu, kwa hiyo baba au mjomba amwambie mapema kwamba jambo hilo linasemwa. Mwisho ni maumivu ambayo hayatulii kwa dawa alizopewa nyumbani.

Kwa maumivu ya kawaida, mpeni maji mengi, dawa ya maumivu kwa kipimo alichoandikiwa, na kitambaa cha maji ya vuguvugu mahali panapouma. Barafu isitumike kamwe, kwa kuwa baridi hubana mishipa na kuzidisha tatizo. Kwa mtoto mchanga, maumivu ya kwanza mara nyingi huonekana kama uvimbe wa viganja na nyayo, na wengi hudhani ameumia au ameumwa na mdudu.

Usafiri wa usiku upangwe mchana. Zungumzeni na dereva mmoja wa bajaji na mmoja wa akiba, watu wanaokaa mtaa huo huo, muwaeleze hali ilivyo na mkubaliane bei. Wekeni nauli ya kwenda ndani ya bahasha iliyo pamoja na daftari la kliniki, kadi ya bima, kanga mbili safi na chupa ya maji, vyote katika mfuko mmoja unaoning'inia mlangoni. Bahasha ikitumika, mshika daftari ahakikishe imejazwa tena ndani ya wiki hiyo. Mkifika mapokezi, neno la kwanza liwe "huyu ana selimundu," kabla ya jina na kabla ya umri.

Hatua ya tano: Saidieni mambo ya kila siku

Dawa za mtoto huyu huwa ni za kila siku, na uchovu wa kuzitoa ni mkubwa kuliko watu wanavyodhani. Kwa kawaida huwamo foliki asidi ya kuusaidia mwili kutengeneza damu, na penisilini ya kumkinga na maambukizi, ambayo hutolewa mara mbili kwa siku hadi afikishe miaka mitano. Wengi sasa huandikiwa haidroksiurea, dawa inayopunguza vipindi vya maumivu na haja ya kuongezewa damu. Utafiti uliofanyika Angola, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, Kenya na Uganda, na kuchapishwa mwaka 2019, ulionyesha kwamba watoto wanaoitumia hupungukiwa na maumivu, malaria na vifo. Dawa hii huhitaji damu kupimwa mara kwa mara, na hiyo ni sababu nyingine ya kutokosa kliniki. Jirani anaweza kusaidia kwa kuulizia dawa inayopatikana kwa shida katika maduka ya dawa, au kwa kumpa mtoto kipimo cha jioni mama anapochelewa kurudi.

Kitu kimoja kisinunuliwe kwa huruma: vidonge au dawa ya maji ya madini ya chuma, inayouzwa kuwa ni ya kuongeza damu. Mtoto aliyeongezewa damu mara kadhaa huweza kuwa na chuma nyingi mno mwilini, na nyongeza isiyoamriwa na daktari humdhuru. Juisi ya choya, mchicha, kisamvu, maharage, dagaa na machungwa ya Muheza ni chakula kizuri na mletee kwa wingi, ila usimweleze mama kwamba vitafanya kazi ya dawa.

Maji ni ya lazima mchana kutwa, na madafu yanafaa. Chandarua kiwe kizima na kichomekwe kila usiku. Katika miezi ya kipupwe, kuanzia Juni hadi Agosti, upepo wa kusi unapovuma, mtoto avae sweta asubuhi hata kama watu wazima hawaoni baridi, na akinyeshewa na mvua abadilishwe nguo papo hapo. Kuhusu bahari, ambayo kwa mtoto wa Tanga ni vigumu kumkataza, acheze mchangani na achovye miguu mchana wa jua, lakini asikae majini muda mrefu hadi akatetemeka.

Hatua ya sita: Changieni damu kwa ratiba

Wengi huitwa kuchangia damu siku mtoto amekwisha kupauka, na hapo kila dakika ni ya wasiwasi. Ni afadhali zaidi watu wa zamu wawe wachangiaji wa kudumu. Mchangiaji awe na umri wa kati ya miaka 18 na 65 na uzito usiopungua kilo 50. Mwanamume anaweza kuchangia kila baada ya miezi mitatu, na mwanamke kila baada ya miezi minne. Damu yako huenda isimfikie mtoto wa jirani yako, kwa sababu makundi hutofautiana, lakini huingia katika akiba ambayo naye hutegemea. Akiba hupungua shule zinapofungwa, kwa kuwa wanafunzi ni sehemu kubwa ya wachangiaji, na mwezi wa Ramadhani wengi huahirisha. Basi jipangeni mchangie kabla ya vipindi hivyo. Damu haiuzwi. Mtu yeyote akiidai familia fedha kwa ajili ya chupa ya damu, habari ipelekwe kwa uongozi wa hospitali.

Hatua ya saba: Fedha

Ulizeni kwanza haki zilizopo kabla ya kuchangisha. Sera ya afya ya mwaka 2007 inawasamehe malipo watoto walio chini ya miaka mitano katika vituo vya umma, na kwa aliyevuka umri huo kuna bima ya afya na ofisi ya ustawi wa jamii iliyo ndani ya hospitali, ambayo hupokea barua ya mtendaji wa mtaa kuhusu familia isiyo na uwezo. Barua hiyo ifuatwe na jirani, si na mama. Michango yenu ielekezwe kwenye vile ambavyo bima hailipi, yaani nauli, chakula cha anayemuuguza, na siku ambazo mzazi hakwenda kazini au hakufungua genge lake. Kiasi kidogo kinachotoka kila mwezi kwa mwaka mzima humsaidia kuliko harambee moja yenye kipaza sauti.

Hatua ya nane: Bibi, mganga na kombe

Sishauri vita na wazee. Bibi anayetaka mjukuu wake asomewe dua au anyweshwe kombe, yaani maji yaliyooshea aya zilizoandikwa sahanini, hamdhuru, mradi maji yawe yamechemshwa na dawa za hospitali ziendelee kwa saa zake. Yanayokatazwa ni machache na yasemwe kwa jina: kuchanja chale, ambazo hufungua njia ya maambukizi, kumpa mitishamba ya kunywa isiyojulikana kipimo chake, na kusimamisha vidonge ili kuijaribu dawa nyingine. Ujumbe huu hupokewa vizuri zaidi ukitoka kwa mtu wa rika la bibi mwenyewe, kwa hiyo tafuteni somo wake mmoja anayeelewa, mumtume yeye.

Hatua ya tisa: Shule, madrasa na ndugu wa mtoto

Kabla mtoto hajaanza chekechea au chuo cha Kurani, mtu mmoja afuatane na mzazi kwenda kuzungumza na mwalimu na ustadhi. Waelezwe kwamba mtoto huyu lazima awe na chupa ya maji mezani, na aruhusiwe kwenda chooni kila anapoomba, kwa kuwa figo za watoto hawa hushindwa kurudisha maji mwilini na mkojo huwa mwingi. Hiyo ndiyo sababu pia ya kukojoa kitandani hata baada ya umri wake kupita, na kumpiga au kumwaibisha kwa jambo hilo ni kumwadhibu kwa ugonjwa. Asikimbizwe uwanjani wakati wa jua kali, asipewe adhabu ya kusimama kwenye baridi, na mwezi wa Ramadhani wenzake wakijaribu funga za utotoni, yeye asishawishiwe kuwaiga. Simu ya mzazi na ya mshika daftari ziandikwe mahali ambapo mwalimu yeyote anaweza kuziona.

Nyumbani, mtazameni pia ndugu yake asiyeumwa. Yeye hulala kwa jirani usiku wa homa, hukosa viatu vya shule kwa sababu ya dawa, na hujifunza kutolalamika. Mjomba anayemchukua siku ya Idi pamoja na wenzake, au dada wa jirani anayekagua madaftari yake jioni, anaisaidia familia hiyo hiyo. Wazazi wao nao wakitaka ndugu hao wapimwe, wasindikizeni kama mnavyomsindikiza mgonjwa.

Hatua ya kumi: Rufaa ya Dar es Salaam

Ikitokea mtoto akaandikiwa rufaa kwenda Muhimbili, zamu haivunjiki, bali inagawanyika. Wa Tanga wabaki na nyumba na watoto, na ndugu mmoja aliyeko Dar es Salaam apewe majukumu kwa majina yake: kuwapokea kituo cha basi, kuwapa mahali pa kulala, na kupeleka chakula wodini. Mfuko wa mlangoni usafiri nao, ukiwa na barua ya rufaa, majibu yote ya maabara, kadi ya bima na orodha ya dawa pamoja na vipimo vyake. Familia ikisikia habari za upandikizaji wa uloto (ute wa ndani ya mifupa unaotengeneza damu), ambao Hospitali ya Benjamin Mkapa ya Dodoma ilianza kuwafanyia watoto wenye selimundu mwaka 2023, isiuze kiwanja kwa kusikia tu. Swali hilo lipelekwe kwa daktari wa kliniki, kwa kuwa huhitajika ndugu mwenye uloto unaolingana na si kila mtoto huhitaji au hufaa. Siku ya kurudi, mshika daftari amwombe mama barua ya kuruhusiwa kutoka hospitalini, anakili tarehe mpya za kliniki, na apange zamu ya wiki mbili za kwanza kabla basi halijafika Tanga.